Kwa nini mtu husahau lugha ya babu yake lakini ngoma haisahau? Waliohamia Mombasa tukutane hapa

#1 NgamboYaLikoni
Salaam wakuu. Jumamosi nilikuwa matangani huku Likoni, jirani yetu Mmakonde kafiwa na mamake. Ilipofika kama saa nne usiku vijana wakatoa ngoma, zile ndogo za kuchomeka mguu ardhini na moja kubwa, wakawasha maboksi wakazipasha moto maana kusi ilikuwa imezilegeza ngozi, kisha wakaanza. Wallahi mwili ulinisisimka. Kijana anaanzisha, kina mama wanapokea, miguu inashuka pamoja utafikiri wamepitia jeshi. Nikamuuliza mmoja wa wapigaji, kijana wa miaka ishirini hivi, wimbo huu wasemaje? Akacheka, akaniambia kaka hata mimi sijui, twaimba tu. Mwenzake hajui. Mjomba wao anajua nusu. Kuna neno moja wanalirudia kila mwisho wa ubeti na kila mtu ana tafsiri yake, mmoja aniambia ni mto huko Msumbiji, mjomba ati ni mama mkwe.

Sasa swali. Babu zao hawa walikuja kukata mkonge na miwa miaka ya 1930 na 1940. Kimakonde nyumbani hakisikiki tena, watoto ni Kiswahili na Kidigo. Lakini ngoma iko kamili, haikupungua hata pigo. Inakuwaje lugha inatangulia kufa na ngoma inabaki? Nyinyi ambao wazee wenu walihamia hapa kutoka kwengine, kwenu ni hivo hivo?

#2 BintiChangamwe
Umenigusa. Babangu alikuja kufanya kazi reli, mimi nimezaliwa Changamwe, Kijaluo changu ni cha kuomba maji na kumsalimia nyanya kwa simu basi. Lakini ohangla, ngoma yetu Wajaluo, nipe saa hii hii, nyimbo nazijua mwanzo mwisho.

Jibu langu rahisi: ngoma ni chama. Wazee walikuwa na kikundi, kila mwisho wa mwezi wanakutana nyumba ya mtu, watu wanachanga, daftari linaandikwa, halafu ndio orutu, ile fidla ya uzi mmoja, inatolewa ukutani. Ile pesa ilikuwa ya kusafirisha maiti. Mtu wetu akifia Mombasa lazima afike kwao, na jeneza na gari mpaka Nyanza si pesa ya mtu mmoja. Usipokuja kwenye ngoma hujachanga, na usipochanga siku yako ikifika utakaa mochari mpaka watu waulizane huyu ni wa nani. Kwa hivyo sisi watoto tulikuwa tunaburutwa kila mwezi tupende tusipende. Hakuna aliyeburutwa kwenda kufunzwa lugha.

#3 FundiSpika
Nyinyi mnaleta mahaba hapa. Mimi nakodisha spika miaka na mikaka, nimefunga mitambo kwa makabila yote, hakuna harusi sijui. Ngoma imebaki kwa sababu inalipa. Nenda hoteli za Diani usiku, kikundi kiko jukwaani, leo Wagiriama kesho Wamasai, na hao Wamasai wenyewe ukimsalimia mmoja Kimasai anakujibu "fiti". Nani atakulipa kwa kuongea Kimakonde? Lugha haina kiingilio.

#4 NgamboYaLikoni
@FundiSpika na pale matangani nani aliwalipa? Nimewaona kwa macho yangu, chai ya rangi na mahamri mawili mawili.

#5 FundiSpika
Yale mazoezi.

#6 MzeeWaKengeleni
Marahaba kabla hamjaniamkia, maana naona vijana wa siku hizi mwaanza na hoja.

Huyu wa #1 anauliza kama ni hivo hivo kwa wote. Sivyo. Sisi wa Freretown ngoma za kwetu hatukubaki nazo hata moja. Babu wa babangu alikuwa Myao, walikamatwa na Waingereza baharini wakiwa ndani ya jahazi la watumwa, akaletwa hapa. Jirani yake Mnyasa, wa pili Mmakua, wa tatu hajui kwao ni wapi alichukuliwa akiwa mtoto. Halafu kuna wale walioletwa kutoka Nasik kule Bara Hindi, waliitwa Waafrika wa Bombay, wamekuja wanajua Kiingereza na useremala na tenzi. Sasa hebu niambieni, katika watu hao nani acheze ngoma ya nani? Ngoma ya kwenu huwezi kuicheza peke yako, yataka wa kuitikia. Kilichobaki cha pamoja kikawa kanisa, tenzi na tarumbeta. Na kutoka kwenye huo mchanganyiko, ukitia na za pwani na dansi la mjini, ndio watu kama Mzee Joseph Ngala wakatupa bango. Muziki mpya kabisa.

Nilikuwa na ami yangu akipiga saksafoni harusini, moja ya funguo ilikuwa imekatika springi, yeye akaifunga na mpira wa tairi la baiskeli. Sauti ile ikitoka unasikia kabla ya noti kuna kitu kinalia "tap". Mpaka leo nikisikia saksafoni nzima naona kama imepungukiwa.

Kwa hivyo wengine huhifadhi na wengine hutengeneza. Msituweke kapu moja.

#7 PwaniDamu
Mzee heshima zako, lakini Freretown si ilianzishwa na Wareno? Ndio maana bango ina uRenoreno ndani.

#8 MzeeWaKengeleni
Mwanangu Wareno ni wale wa Ngome, walianza kuijenga 1593, na 1698 Waomani wakawatoa. Freretown ni wamishonari wa CMS, wale Waanglikana, 1875, jina limetoka kwa Bartle Frere yule aliyetumwa kuja kumbana Sultani wa Unguja aache biashara ya watumwa. Ile kengele mnayoipita kila siku na matatu mkiteremkia Kengeleni ilikuwa ya kuonya watu wakionekana wakamata watumwa. Hilo la kwamba bango ina ladha ya Kireno nalikubali, watu wengi walisema hivo, lakini ladha si mwanzilishi. Biriani nayo ina zafarani.

#9 PwaniDamu
Nimekubali mzee, nimekaa chini.

#10 UdWaMjiWaKale
Nyote hapa mwasema watu huhama na ngoma zao. Mimi nawauliza, mbona kuna muziki huhama peke yake? Taishokoto je? Kile chombo kimebuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Mjapani gani mwamjua aliyehamia Mombasa akakaa Kibokoni? Hakuna. Chombo kimeteremka hapa chenyewe, mkono mmoja unabonyeza vidude kama taipureta mwengine unakwaruza nyuzi, na leo kuna wazee ukiwapigia taarabu ya Mombasa bila kile chombo watakwambia haijakolea chumvi. Na Juma Bhalo Mungu amrehemu aliimba mahadhi ya filamu za Kihindi kwa maneno ya Kiswahili safi, na mtu analia kabisa, analia kwa ya kwake si ya filamu. Kwa hivyo hata hicho mnachokiita utambulisho, sisi wenyeji twauvaa wa watu na twautembelea.

#11 Tudor_Dandiya
@UdWaMjiWaKale Mjapani hakuhamia lakini Mhindi alihamia, usitupite hivo!

Mimi ni kizazi cha nne hapa. Nadharia ya #1 kwetu haiingii, Kigujarati kipo mezani kila siku na garba, ngoma yetu ya duara, ipo vilevile. Kila Navratri, sikukuu yetu Wahindu, siku tisa tunacheza mpaka miguu inavimba, bibi yangu ana miaka themanini anaingia duara anazunguka mara mbili anatoka anasema ameshamaliza kazi yake. Zamani kina mama walikuwa wanaimba wenyewe na dholaki moja, ile ngoma ya kupigwa pande mbili, sasa ni spika.

#12 FundiSpika
Asanteni wateja wangu.

#13 Tudor_Dandiya
Ila nikiri kitu. Mwaka jana nimeona binti yangu na wenzake wanaimba arti, wimbo wa ibada, huku wameshika simu. Nikachungulia, maneno ni Kigujarati yameandikwa kwa herufi za Kiingereza. Kuongea wanaongea, kusoma kwa herufi zetu hawawezi. Kwa hivyo labda na sisi tumo njiani, tumechelewa tu.

Halafu mjue sisi ni kabila la 44 la Kenya, heshima tafadhali.

#14 PwaniDamu
Na Wamakonde ni wa 42.

#15 NgamboYaLikoni
@PwaniDamu leo umeamkia ubavu gani? Wamakonde ni wa 43. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumuona Rais, mwisho wa mwaka wakaanza kupewa vitambulisho na 2017 wakatangazwa kabila la 43. Wahindi wakafuata mwaka huohuo.

Na hapo umenikumbusha. Yule mjomba alinipa maelezo yake. Aliniambia sisi miaka yote hiyo hatukuwa na karatasi yoyote, kitambulisho hatuna, mtoto hafungui akaunti, simu unasajiliwa na jirani. Ukiulizwa wewe nani utatoa nini? Akaniambia "twatoa ngoma". Kiswahili kila mtu anacho, Kidigo unaweza kujifunza, lakini ngoma ile hakuna mwengine anayeipiga hapa. Yaani ngoma ndio ilikuwa kipande chao. Mimi hii nimeiona ina uzito kuliko ya hoteli.

#16 MpembaWaVanga
Imenibidi nijiunge leo ili nijibu hii, assalaam aleikum.

Kaka wa Likoni maneno hayo ya mjomba ni ya kweli kwake lakini kwetu ilikuwa kinyume kabisa. Sisi Wapemba wa pwani hii tumetambuliwa juzi 2023. Kabla ya hapo marehemu babu alikuwa hataki kusikia msewe unapigwa. Msewe ule wa kufunga njuga za majani miguuni, ukicheza unalia chwa chwa chwa mtaa mzima unajua. Babu alikuwa akisema mwataka askari wajue hapa pana Wapemba? Kiswahili chetu chatofautiana kidogo tu na cha hapa, ukinyamaza hujulikani, dini moja, samaki mmoja. Ngoma ndiyo ingetusema. Kwa hivyo tukaiacha. Mimi nimeiona msewe kwa mara ya kwanza nimeshaoa, kwenye klipu ya simu kutoka Pemba. Nikamuonyesha mamangu, akaangalia kimya, halafu miguu yake chini ya meza ikaanza.

#17 BintiChangamwe
Hii ya miguu chini ya meza imenimaliza.

#18 UdWaMjiWaKale
Karibu sana Mpemba. Hapo sasa kila mtu na lake: kwa mmoja ngoma ni kipande, kwa mwengine ni shahidi wa polisi.

#19 MamaKhanga_Toronto
Niko mbali lakini uzi huu nimeusoma wote nikiwa kwenye basi. Mimi ni wa Mombasa Majengo, niko Toronto sasa mwaka wa kumi na tisa. Sisi huku ndio Wamakonde wenyewe.

Tulikuwa na harusi ya mtoto wa mwenzetu, mwezi wa pili, theluji mpaka magotini, tumekodi ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa. Kina mama tukasema lazima vugo. Pembe za nyati huku utazitoa wapi, uwanja wa ndege watakuuliza maswali mpaka ndege iondoke. Tukapiga vifuniko vya sufuria na miko ya ubwabwa. Leso juu ya makoti! Saa nne polisi wakabisha, kuna jirani kashitaki kelele. Askari mmoja msichana mdogo, tukamuomba radhi, tukampa sahani ya viazi karai, akala amesimama akauliza hii sherehe ya nini.

Binti yangu kazaliwa huku. Kiswahili anasikia lakini akijibu ni Kiingereza, na akijaribu "nyumbani" inatoka "numbani". Lakini funga leso umwekee chakacha uone. Kiuno hakina lafudhi. Na sikumfundisha, alikaa tu chini akitazama shangazi zake. Mimi nadhani ni kwa sababu lugha ukikosea unachekwa, mtoto anaona haya ananyamaza. Ukikosea mguu unavutwa tu mkono unarudishwa kwenye mstari.

#20 Tudor_Dandiya
Mama hapo ndio kwenyewe. Kwetu mtu akikosa hatua kwenye dandiya, ile ngoma ya fimbo, anapigwa fimbo kidoleni, ndio anajifunza.

#21 FundiSpika
"Kiuno hakina lafudhi", nitaandika nyuma ya gari langu la mitambo. Lakini mama samahani, jamani hamkuwa na spika?

#22 MamaKhanga_Toronto
Tulikuwa nayo mwanangu, ndiyo iliyotuitia polisi.

#23 Bi_Mkongowea
Wanangu mmezunguka sana na hakuna aliyesema la msingi. Ngoma nyingi za wageni huku pwani zimebaki kwa sababu ya pepo. Pepo ana kwao. Kuna wa Kihabeshi, kuna wa Kiarabu, wa Kimasai, wa bara, na kila mmoja ana ngoma yake na nguo yake na lugha yake. Ukimpigia ngoma si yake hapandi. Ukikosea pigo mgonjwa haponi. Sasa nani atathubutu kubadilisha pigo hapo? Nimeona mama Mkamba Kongowea hapa, kazaliwa hapa, Kikamba hajui, kilumi, ngoma yao ya pepo, ilipopigwa alikizungumza.

#24 PwaniDamu
Astaghfirullah Bi mkubwa, saa hizi za usiku?

#25 Bi_Mkongowea
Nasema nilichoona, sikukwambia uende.

#26 MpembaWaVanga
Mimi dini hainiruhusu kuingia humo lakini hoja yake ya pigo kutobadilika ina maana, hata ukiondoa pepo. Kitu kikiwa na kazi ya kufanya watu hawakichezei. Kuzika, kuponya, kuoza. Kilichobaki ni kile ambacho kina kazi.

#27 MzeeWaKengeleni
Basi mbona beni imekufa? Mombasa hii ilikuwa na beni za Kingi na Skochi, watu wamevaa kama maaskari wa Kizungu, matarumbeta, mashindano mtaa kwa mtaa, na zilikuwa na kazi hizohizo mnazosema, kuzikana na kusaidiana, na ndani yake kila aina ya mtu aliyehamia mjini. Leo ukimuuliza kijana Kingi ni nani atakwambia ni jina la di-jei.

#28 BintiChangamwe
Mzee labda kwa sababu beni haikuwa ya kabila moja? Kama ile bendi ya Simba Wanyika, wale Wakongo walihamia hapa wakapiga rumba, hawakuacha jamii nyuma yao ya kuendeleza.

#29 UdWaMjiWaKale
Dada Simba Wanyika si Wakongo! Ndugu wa Kinyonga ni wa Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Mombasa 1971, Nairobi ikaja baadaye. Rumba ndio imekudanganya. Lakini ona, hapo ndipo ninaposema mimi, mtu wa Tanga apiga mdundo wa Kongo mjini Mombasa kwa Kiswahili na Kenya nzima yasema ni wa kwetu. Utambulisho wa nani huo?

#30 BintiChangamwe
Sawa nimekosea Kongo. Nilikuwa mdogo.

#31 PwaniDamu
Karibu klabu yetu dada, kiti chako nimekiwekea hapa chini.

#32 NgamboYaLikoni
Wakuu samahani nilipotea, feri ilinilaza. Nimerudi na habari.

Jana nilikwenda tena kwa jirani, nikamkuta bibi mmoja mzee sana, dadake marehemu, anakaa Kwale, alikuwa bado hajaondoka. Nilikuwa nimerekodi ule wimbo kwa simu. Nikamwekea sikioni. Akasikiliza huku anachambua mchicha. Ilipofika lile neno la mwisho wa ubeti akacheka mpaka akashika mbavu, mchicha ukamwagika. Akaniambia si mto wala si mama mkwe. Ni jina la nyapara! Nyapara wa shamba la mkonge, alikuwa anahesabu matita ya mkonge na akiona tita limepungua jani anakataa lote, hulipwi siku hiyo. Wimbo waliutunga kina mama kambini, huku huku Kenya, unamsema ana mkono mfupi na macho marefu. Waliuimba Kimakonde ili asielewe.

Vijana walikuwa wamekaa pale. Yule aliyeniambia "twaimba tu" alinyamaza, kisha akamuuliza bibi, kwa hivyo hii si ya Msumbiji? Bibi akamjibu Msumbiji yeye hajawahi kufika.

#33 MzeeWaKengeleni
Nilisema au sikusema? Walitengeneza!

#34 UdWaMjiWaKale
Mzee usijipe kombe, walitengeneza kwa pigo la kwao na lugha ya kwao. Nusu kwa nusu.

#35 MpembaWaVanga
Na mwaona kazi ya lugha ilikuwa kuficha. Nyapara alipoondoka hakukuwa na wa kufichwa tena, kwa hivyo maneno yakabaki sauti tu. Labda ndio jibu la #1. Lakini sina uhakika, kwa sababu kwetu tulificha na ngoma.

#36 Bi_Mkongowea
Na mjomba aliyesema ni mama mkwe, huyo ana yake nyumbani.

#37 NgamboYaLikoni
Bi mkubwa umejuaje? Kabla ya bibi kumaliza mjomba alikuwa ameshatoka nje.

Ila kuna ugomvi umebaki. Kijana mmoja anasema nyanya yake upande wa mamake alimwambia wazi ni mto, na hakubali ya nyapara, anasema bibi amezeeka anachanganya nyimbo mbili. Siku ya arobaini watakuwa wote, na mzee mwengine kutoka Gasi ambaye alikata mkonge ataletwa pia. Tatizo ile ngoma kubwa ngozi imepasuka walipoipasha, wanatafuta ya mbuzi iliyokauka vizuri. Mwenye nayo aseme.

#38 Tudor_Dandiya
Dholaki ya bibi yangu ipo stoo haitumiki. Haifanani lakini inalia.

#39 NgamboYaLikoni
Niulize kwanza nikwambie.

#40 FundiSpika
Arobaini ni saa ngapi? Nilete spika?

#41 NgamboYaLikoni
Usilete.